Samli Ndani ya Magazini

Nyie vijana mliopewa bunduki juzijuzi, niliwaona mkipita na gari lenu la kijani. Mmependeza, siwezi kusema uongo. Buti zinang'aa, kofia zimekaa upande, bunduki mmezikumbatia kama mama aliyetoka kujifungua. Mmoja wenu, yule mwenye ndevu za kuhesabika, alisimama akapigwa picha, mguu mmoja juu ya tairi. Nikajisemea moyoni: huyu nikimwomba sasa hivi achomoe magazini anionyeshe springi yake, ataniuliza kwanza kama nina homa.

Basi kaeni. Karanga hizo, kuleni. Mimi meno yangu yalishastaafu kabla yangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa bunduki wa askari wa gemu, wale wa wanyamapori, hapa Mpanda. Treni ilikuwa bado ngeni, watu wanatembea kutoka Kakese na watoto mgongoni kuja kuiangalia tu ikipiga kelele, halafu wanarudi kwao wameridhika. Kila anayesikia nilikuwa gemu ananiuliza niliua tembo wangapi. Sikuua hata sungura. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha bunduki ya mwenzangu inalia pale anapotaka ilie. Ni kazi isiyo na sifa. Bunduki ikilia, sifa ni za mpigaji. Isipolia, wote wanauliza fundi yuko wapi.

Bunduki zetu zilikuwa zile za bolti, komeo la kuvuta kwa mkono, zilizobaki vitani. Tumboni, mbele ya kifyatulio, kulikuwa na magazini, kisanduku cha bati gumu kinachobeba risasi kumi. Ndani ya kisanduku kuna kibao kidogo cha chuma, na risasi zinakaa juu yake. Chini ya kibao kuna springi, na si ya mviringo kama ya kitanda. Ni utepe wa chuma uliokunjwa huku na huku kama njia ya mlevi. Kazi yake ni moja: kusukuma kibao juu, ili ukivuta bolti nyuma na kuirudisha mbele, ikute risasi nyingine imeshafika inasubiri. Hiyo tu. Lakini siku isiposukuma, una fimbo ya bei kubwa mkononi na mnyama mbele yako.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, Mmanyema wa Ikola kule ziwani, aliyekuwa fundi wa bunduki jeshini wakati wa vita. Alikuwa mfupi, na koti lake la kijeshi lilimfika magotini. Aliweza kusikiliza magazini kama daktari anavyosikiliza kifua. Anaiweka sikioni, anabonyeza kibao kwa dole gumba, anakiachia polepole. Kikipanda kwa sauti moja laini, anatikisa kichwa. Kikikwaruza, anaigeuza magazini chini juu mezani, na hapo linatoka jani, au mdudu, au ugali. Ndiyo, ugali. Kuna askari mmoja alikuwa akila na bunduki mapajani.

Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuswali, Mzee Sefu alitoa springi zote kwenye magazini za stoo na kuzipanga juu ya kitambaa. "Zinapumzika," anasema. "Wiki nzima zimekunja magoti."

Nilimwamini kabisa. Halafu nikaanza kuona mambo. Kuna magazini moja ilisahauliwa nyuma ya kabati, imejaa risasi, msimu wote wa mvua. Tulipoipata nikadhani springi imekufa. Nikaitoa, nikaibonyeza, ikanirudisha dole gumba kwa hasira kama jana ndiyo imetoka kiwandani. Na nyingine iliyopumzishwa kila Ijumaa ilivunjika mkononi mwangu, kwa sababu kutu ilikuwa imeshaikata kwenye kona. Nikajipa moyo, nikamwendea.

"Mzee, mbona ile iliyolala imejaa ni nzima, na hii iliyopumzika imevunjika?"

Akacheka mpaka koti likatingishika. "We Gervasi, kwani umeamini springi inachoka kama mbeba mizigo? Ningewaambia askari walete magazini kila Ijumaa nione uchafu wao, nani angekuja? Nikiwaambia springi imechoka, wanaihurumia, wanaileta. Na nikiitoa ndipo ninapoona kutu. Tatizo ni kwamba hiyo iliyovunjika niliiangalia na miwani ikiwa mfukoni."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi. Chuma kizuri hakiumizwi sana na kukaa kimebanwa. Kinachoidhoofisha springi ni kubanwa na kuachiwa bila mpango, mtu anachezea kibao kwa kidole siku nzima kwa vile hana la kufanya. Inamalizwa na unyevu. Inamalizwa na vumbi lililochanganyika na mafuta mengi. Na mara nyingi springi haina kosa lolote, ni kisanduku kimebonyea, kibao kinakwama njiani, lawama inapewa springi. Tulikuwa na askari mmoja aliyegongea vigingi vya hema kwa magazini. Mwingine aliificha juu ya dari la jikoni wezi wasiione, ikakaa kwenye moshi mpaka ikawa kama migebuka, wale samaki wa kukausha wa Ikola. Mzee Sefu aliinusa, akaniuliza kama kuna ugali.

Na msiiweke kwenye mfuko wa ngozi mkadhani mmeitunza. Ngozi inavuta unyevu, masika inatoa jasho kama mtu. Sisi tulikuwa na sanduku la mninga, limeinuliwa kwa matofali lisiguse sakafu, na kila magazini ina namba ya bunduki yake. Maana zile zilikuwa kama miguu na viatu, ya huyu haimkai yule vizuri. Mafuta ni tone moja kwenye kitambaa. Unapaka, halafu unafuta kama mtu aliyejutia. Kinachobaki kinatosha.

Sasa nije kwa Ladislausi, kwa maana najua mnanisikiliza kwa adabu tu.

Ladislausi alikuwa Mfipa, mrefu, sauti nzuri ya kanisani, na alijipenda. Kaptula yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate. Bunduki yake ndiyo iliyong'aa kuliko zote Mpanda, na mimi nilikuwa nikimsifu mbele ya wenzake. Kumbe alikuwa haitumii mafuta yetu. Alisema yananuka kama treni. Alikuwa anapaka samli.

Wakati mpunga unaiva, nyati walikuwa wakitoka mbugani kuingia mashamba ya Mpimbwe. Bwana Nyama, yule Mzungu mkubwa wetu, akagawa askari vijijini, mmoja hapa mmoja pale, na mimi nikatumwa kuzunguka kuangalia bunduki, kwa sababu vumbi la huko linaingia hata kwenye yai. Ladislausi alipangiwa Usevya, kwenye shamba la mwisho kabla ya pori. Shamba lenyewe lilikuwa la mama yangu mdogo, Paskalia. Mimi kwetu ni Kasansa, lakini mama mdogo aliolewa Usevya, akafiwa na mume, akabaki na shamba lake na ulimi wake.

Alipomwona Ladislausi mara ya kwanza alizunguka nyuma yake, akazunguka mbele. "Gervasi, baba," akaniambia, "huyu askari anang'aa kuliko sufuria zangu. Nyati wakija atawapofusha macho au atawapiga risasi?"

"Vyote viwili, mama," Ladislausi akajibu.

"Haya. Mpunga wangu ndio ada ya shule ya watoto na chakula chetu mpaka mwakani. Ukiulinda, nitakupikia. Usipoulinda, utapika wewe."

Nilikagua bunduki yake siku niliyofika. Magazini ilikuwa safi, springi nzima, kibao kinapanda vizuri. Nikaondoka kwenda vijiji vya mbele. Yaliyofuata aliniambia mwenyewe baadaye. Jioni moja alikutana na mlinzi mmoja wa mgodini aliyekuja likizo. Yule bwana, kikombe cha pombe mkononi, akamwambia kwamba springi za serikali ni legevu, mtu mwenye akili anazivuta kidogo zirefuke, ndipo zinakuwa na nguvu. Ladislausi akarudi nyumbani, akaitoa springi, akashika mwisho huu na mwisho ule, akavuta. Akairudisha. Akabonyeza kibao, kikawa kigumu kama shavu la bibi harusi aliyenuna. Akafurahi sana. Halafu, ili isikwaruze, akapaka samli humo ndani. Si tone. Kama anayepaka chapati.

Sikilizeni, vijana. Springi ile imekunjwa kiwandani kwa kipimo, kila kona ina mzigo wake. Ukiivuta kwa mkono, kona moja inafunguka sana, nyingine haifunguki. Ukibonyeza unaona ugumu, unadhani ni nguvu, kumbe imepinda. Kibao kinainama pua chini, na risasi nazo zinainama. Ongeza samli, ongeza pumba za mpunga zilizopeperuka wakati majirani wanapura, iache ikae kwenye jua. Inakuwa gundi.

Niliporudi Usevya nilifika jua limezama, nikalala kwa mama mdogo. Alfajiri, mwanga umeshatoka, alinipa chungu cha uji tumpelekee Ladislausi shambani. Alikuwa juu ya ulingo, kile kichanja cha nguzo nne cha kulindia ndege na nyani. Tukapanda, tukamsalimu, mama mdogo akaweka chungu katikati. Kabla hajamimina, Ladislausi akainua mkono.

Mwisho wa shamba alikuwa amesimama dume la nyati, peke yake, mpunga umemfika tumboni, anatafuna taratibu kama aliyelima yeye.

"Mpige kutoka hapa hapa," nikamnong'oneza.

"Niko mbali. Na askari hapigi akiwa amekaa juu kama kunguru."

Akashuka. Alitembea vizuri, ameinama, upepo unamjia usoni. Alipokaribia akasimama, akalenga, akapiga ile risasi iliyokuwa imeshaingizwa mtutuni. Nyati akapiga magoti. Mama mdogo akashika debe lake la kufukuzia ndege apige vigelegele vya bati, lakini hakuwahi, kwa sababu nyati alinyanyuka.

Ladislausi akavuta bolti, ganda likaruka, akasukuma bolti mbele, akabana kifyatulio. Tukasikia mpaka juu ya ulingo: *ka*. Sauti ndogo kabisa, kama mtu anayevunja kijiti. Akavuta tena, akasukuma tena. *Ka.*

Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile, na mimi ni baba wa watoto waliokuwa wakipiga ngoma.

Nyati akaja. Ladislausi naye akaja, na lazima nimpe haki yake, bunduki hakuitupa. Kofia aliiacha, kiatu kimoja alikiacha, lakini bunduki alikuja nayo. Alipanda ile ngazi sijui kwa miguu au kwa mabawa. Alipovuta mguu wake ndani, nyati alikuwa ameshaigonga nguzo. Ulingo wote ulilia. Mama mdogo akaanza Salamu Maria, na katikati ya sala akashika chungu cha uji akakitupa, kikampata nyati kati ya pembe. Nyati alirudi nyuma kidogo, akatikisa kichwa, uji unamtiririka puani. Nadhani ndipo alipokasirika hasa.

"Lete bunduki!" nikamwambia Ladislausi.

Vidole vyake vilikuwa vimeikaza bunduki hivi kwamba ilibidi nivibandue kimoja kimoja. Nikabonyeza kikamatio, nikachomoa magazini. Risasi zote zilizobaki zilikuwa mle, zimelala pua chini, zimeganda, na harufu ya samli iliyochacha ikanipiga usoni. Nikamtazama. Akatazama pembeni.

Haikuwa saa ya kusafisha. Nguzo ilikuwa imeanza kupasuka, nasikia nyuzi za mti zikikatika moja moja. Nikaingiza ukucha, nikaikwangua risasi ya juu mpaka ikatoka. Nikaifuta kwenye shati. Nikaikwangua ya pili, nikaibana kwa meno. Bunduki isiyo na magazini bado ni bunduki, mkumbuke hilo. Ile ya kwanza nikaiweka kwa mkono moja kwa moja kwenye chemba, nyuma ya mtutu, nikafunga bolti, nikamrudishia.

"Hii ni moja," nikamwambia, meno yamebana. "Mimi sijui kupiga. Wewe unajua. Piga."

"Fundi, siwezi, mikono..."

Mama mdogo akamkatiza, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu chakulani: "Mwanangu, mkono wako nimeushika. Piga."

Kweli alikuwa ameushika, ameuweka kwenye goti lake kama mtu anayetegemeza mtoto anayejifunza kuandika. Ladislausi akavuta pumzi, akapiga. Nyati akayumba, akaenda kando hatua kadhaa, nikadhani yameisha. Akageuka, akaja na uzito wake wote. Nguzo ikakatika.

Ulingo hauanguki kama nyumba. Unainama polepole, kwa heshima, unakupa nafasi ya kufikiria madhambi yako. Tukateremka nao mpaka kwenye mpunga, majani na matope na debe juu yetu. Nikatoa risasi mdomoni, nikaikuta bunduki kwa kupapasa, imeelekea pori, bolti iko wazi, Ladislausi alikuwa ameshaivuta huko huko tunakoangukia. Nikaisukuma risasi ndani. Yeye akiwa chali, akafunga bolti, akapiga akiwa ameona pua tu ya nyati na uji juu yake.

Nyati akaanguka pale pale. Hakuinuka tena.

"Nani amenikalia mguu?" mama mdogo akauliza.

"Mimi, mama," Ladislausi akasema. "Nisamehe." Akaanza kulia, mtu mzima yule, na hakuna aliyemcheka. Siku ile hakuna. Kesho yake ndiyo tulianza.

Lori lilipomleta Mzee Sefu kuja kuchukua taarifa, nilikuwa nimeshaitoa springi na kuiweka juu ya jiwe. Aliichukua, akaigeuza juani, akaona zile kona zilizofunguka. Kisha akamwita Ladislausi, akakishika kidole chake cha shahada, akakivuta taratibu.

"Nikikivuta hivi kila siku, kitapata nguvu?"

"Hapana, Mzee."

"Kitapata nini?"

"Kitauma."

"Basi," Mzee Sefu akasema, akamwachia. Halafu akanusa magazini, akafumba macho. "Wallahi, ingekuwa Idi ningepikia wali."

Kutokea siku hiyo jina la Ladislausi likapotea. Mpanda nzima walimwita Samli. Aliliitikia bila chuki. Na huyo Samli ndiye aliyekuwa akiwashika askari wapya mkono mlangoni mwa stoo, anawauliza kabla yangu: umefuta? Umebonyeza kibao ukasikiliza? Umechezea springi? Mtu akisema springi ni chuma tu, anamwambia aende Usevya akaone kisiki cha nguzo.

Lakini sijamaliza ya Usevya. Nyama ya nyati iligawiwa, kijiji kizima kikala, watoto wakaimba. Mama mdogo peke yake hakuwa anaimba. Alikuwa amesimama shambani, mikono kiunoni. Nyati alipokimbia, Ladislausi alipokimbia, ulingo ulipoanguka, na watu walipokuja na visu na vikapu kuchuna, mpunga wake ulikanyagwa kuliko ambavyo nyati yule angeweza kula mpaka Krismasi. Uliobaki umesimama ulikuwa umeiva kupita kiasi, unaanza kupukutika.

Akatugeukia. "Nilisemaje?"

"Ulisema tutapika, mama," Ladislausi akajibu.

"Kupika hamjui. Mtavuna."

Akatugawia visu, mmoja mmoja, kama Bwana Nyama anavyogawa risasi. Tukavuna. Sijawahi kuumwa mgongo kama siku zile. Jua la Mpimbwe halina huruma na mtu wa ofisini. Mimi nilikuwa nasimama kila mara nikijifanya naangalia mawingu, na mama mdogo ananiuliza kama mawingu nayo yana springi.

Ladislausi hakusimama. Yule aliyekuwa na kaptula ya mkunjo alikuwa kifua wazi, matope mpaka magotini, anakata suke kwa suke, anaokota hata zile punje zilizolala chini ya majani, anapuliza vumbi, anazitia kikapuni. Hakuimba, yeye aliyekuwa anaimba hata usingizini. Jioni ya mwisho mama mdogo alikuja na maji ya kunywa, akaangalia shamba, akaona limebaki kipande kidogo upande wa pori.

"Inatosha, mwanangu," akamwambia. "Umefanya kazi. Pumzika, hiki nitamalizia mwenyewe kesho."

Ladislausi alipokea kikombe, akanywa, akakirudisha kwa mikono miwili. Akafuta kisu kwenye paja, akainama tena.

"Niache, mama," akasema. "Mpunga huu niliukanyagisha mimi, bado naweza kuukata."